Ukurasa wa Sili za Akiba

Bariadi,
Jumapili mchana

Mama Rehema, mke wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mlio hapo nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia anashuka kitandani kwa kushika ukuta, kisha simu ikakatika, na tuliporudi hewani tukaingia kwenye mambo ya mahari. Niandikie kama ile dawa ya kuchua imemfaa au inampotezea muda. Niambie pia kama machungwa ya shamba la chini yamepata mnunuzi au yanaozea ardhini kama mwaka jana. Mimi mwili ni mzima. Nakohoa kwa vumbi, kwa sababu mvua zimekwisha huku, na kila lori la pamba linalopita barabara ya Kasoli linatuachia wingu lisilo na haraka ya kutua. Nakula vizuri. Mama mwenye nyumba hunipikia ugali wa mtama na mgagani wa kukaushwa, na akiona nimebakiza huniuliza kama kwetu Muheza watu wanaishi kwa machungwa tu.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kwa nini najibu neno moja moja. Nimeona niandike. Kwenye simu ningekueleza nusu, nawe ungeniuliza nusu nyingine watoto wakiwa wanasikiliza. Bahasha hii itakuja kwa basi, uichukue kwa wakala pale stendi.

Nalitanguliza lililo zito. Sitakuja siku ya mahari ya Rehema. Siku hiyo natakiwa hapa Bariadi kutoa ushahidi katika shauri la mtu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya kitu nilichoandika. Mwombe kaka yako mkubwa akae mahali pangu. Wakwe zetu anawafahamu kuliko mimi, na hakasiriki upesi. Rehema nitampigia mwenyewe. Nakuomba usimwambie kabla yangu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Gazeti lilipotupunguza, nilikuambia kazi hii ya chuo ni ya muda mfupi na haina hatari kwa mtu yeyote. Katika la pili nilikosea. Chuo kinaanzisha kozi ya usafirishaji na usalama wa mizigo, kwa wanaomaliza sekondari na kwa watu ambao tayari wako kazini: watunza ghala, walinzi wa mageti, makarani wa vyama vya ushirika. Vitabu vilivyokuwepo vimeandikwa kwa ajili ya bandari kubwa za nchi nyingine. Vinaeleza kamera na milango inayofunguka kwa alama za vidole. Hapa mzigo ni robota la pamba chini ya turubai, na geti ni kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu. Wakataka mtu wa kuzunguka, kuuliza, na kuandika vitini vinavyofanana na mahali hapa. Walimu wanajua kufundisha. Mimi walinichukua kwa sababu ya kuuliza. Mwenzangu ni Madamu Pendo, mkufunzi wa chuo, mzaliwa wa Nyashimo, ambaye hupitia kila ninachoandika na kukata maneno anayoyaita ya kigazeti.

Nilianzia stesheni ya Malampaka, nikaenda kwenye maghala ya ushirika, kisha kwenye viwanda vya kuchambua pamba. Kiwanda ninachokisema sikitaji jina. Kiko upande wa Kasoli. Mtunza ghala wake aliitwa Nkwabi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mrefu, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Nilimsalimu kwa Kisukuma alichonifundisha mama mwenye nyumba.

“Mwangaluka.”

“Mwangaluka, bhabha. Mhola?”

“Mhola duhu.”

“Unayo mengine, au yameishia hapo?”

“Yameishia hapo.”

“Basi tuendelee kwa Kiswahili, tusikuchoshe asubuhi.”

Akanipeleka kwenye lori lililokuwa linapakia. Marobota yakishapangwa na kufunikwa, kamba hupitishwa katika matundu yote ya turubai, na ncha zake mbili hufungwa pamoja kwa sili. Ni kipande cha chuma na plastiki chenye namba, na hakifunguki mpaka kikatwe. Namba huandikwa kwenye hati ya mzigo. Lori likifika bandarini na namba ileile, wapokeaji wanajua kwamba hakuna aliyefunua turubai njiani. Nkwabi alifunga sili, akaivuta mara tatu, akaandika namba. Kisha akatoa sili nyingine mfukoni, nzima, akampa dereva mkononi.

Nikamuuliza hiyo ni ya nini.

“Ya akiba. Kuna msimu wakaguzi walimkatia sili dereva wetu kule mizani. Wana haki, walikuwa wanatafuta bangi. Wamekata, wameangalia, hawakuona kitu, wakaondoka. Sasa yule afanyeje? Bila sili bandarini hawampokei. Akatupigia, tukamtumia sili kwa basi, na basi nalo likafia njiani. Siku tano amelala juu ya mzigo, mvua inampiga. Pamba ikafika ina ukungu, na yeye kifua kinamsumbua mpaka leo. Tangu hapo kila gari linatoka na sili moja ya ziada. Ikitumika, ananiletea ile iliyokatwa na karatasi ya mkaguzi. Isipotumika, ananirudishia hiyohiyo.”

“Ofisini wanajua?”

“Meneja aliyekuwepo wakati ule ndiye alisema tufanye hivyo.”

“Aliandika?”

“Alisema. Tulikuwa tumesimama hapa hapa.”

Akanionyesha daftari. Ni daftari la shule, lenye mistari aliyochora mwenyewe: namba ya sili kwa bluu, ikirudi anaweka alama kwa nyekundu. Mahali pa namba ya gari palikuwa na majina. Kipaji Cheupe. Madoa. Pembe Moja. Nilidhani ni majina ya utani ya madereva.

“Pembe Moja ndiye nani?”

“Lile pale, lililovunjika kioo cha pembeni.”

“Na namba yake ya gari?”

“Ya nini? Kichwa kimoja leo kinavuta tela hili, kesho lile, na vibao vyenyewe wanahamisha. Mimi nimechunga ng'ombe kabla sijavaa suruali. Hunipotezei ndama mmoja kwenye kundi, namjua kwa rangi na madoa yake. Gari nalo lina rangi yake. Mtu akiniletea tela la kigeni akasema ni Pembe Moja, nitamwambia huyu siye, mrudishe kwenu.”

Unanijua, sikumwamini kwa sababu tu alikuwa anaongea vizuri. Niliomba daftari la getini na hati za mizigo, nikakaa nazo toka saa nane mchana mpaka walipofunga ofisi. Nilizilinganisha namba moja baada ya nyingine, Nkwabi akinitajia kila jina la ng'ombe ni gari gani. Nilikuwa natafuta kosa. Sikulipata. Kila sili iliyotoka ilikuwa imerudi, nzima au iliyokatwa, na kila iliyokatwa ilikuwa na karatasi yake. Niliandika kwenye kijitabu changu maneno mawili: zote zimerudi.

Wakati wa kuagana aliuliza, “Utaandika jina langu?”

“Hapana.”

“La kiwanda?”

“Hapana.”

“Basi andika. Wenzangu wa viwanda vingine nao wajifunze, wasilaze madereva kwenye mvua.”

Naomba usome tena hayo maneno yake. Alidhani nachukua mfano wa kazi nzuri.

Kitini chetu kina fomu ambayo kila mfano wa mahali pa kazi unajazwa humo. Fomu ina visanduku vitatu: Utaratibu uliopo, Udhaifu uliobainika, Hatua za kuchukua. Katika cha kwanza niliandika sili ya akiba na daftari lenye majina ya ng'ombe. Katika cha pili niliandika kwamba sili iliyo mkononi mwa dereva si sili tena, kwa kuwa anaweza kukata ya kwanza, akatoa mzigo, akafunga ya pili. Hilo ni kweli, na mkaguzi yeyote angeliandika. Katika cha tatu niliandika kwamba utoaji wa sili za akiba usimamishwe, na kila gari litambuliwe kwa namba ya usajili. Yale maneno mawili ya kwenye kijitabu hayakuwa na kisanduku. Sikuyaingiza.

Madamu Pendo alipopitia alisimama hapo hapo.

“Haya majina ya ng'ombe tuyaache?”

“Yaache. Ndiyo yatakayowafanya wanafunzi wakumbuke.”

“Mimi ningeyatoa. Si watu wote wanaoita magari hivyo.”

“Jina lake halimo, Madamu. Kiwanda hakimo. Kijiji hakimo.”

Akaniangalia, akafungua ukurasa unaofuata. Katika miaka yote ya gazeti sikuwahi kumweka wazi mtu aliyeniamini. Nimewaficha watu waliokuwa wanatafutwa kwa bidii kuliko Nkwabi. Lakini gazetini ningekuwa makini, kwa sababu ningejua kuna adui anayesoma. Hapa nilijiambia ni kitini cha wanafunzi.

Rasimu ikapelekwa kwenye kikao cha wadau katika ukumbi wa chuo. Walikuwepo mameneja wa viwanda, watu wa ushirika, wasafirishaji, na mwakilishi wa wanunuzi wa pamba aliyetoka Dar. Madamu Pendo alikuwa anasoma ukurasa baada ya ukurasa kwenye projekta. Alipofika kwenye Pembe Moja na Madoa, meneja wa kile kiwanda alipiga meza kwa kicheko.

“Hapo, Madamu! Rudi hapo kwenye ng'ombe. Huyu si Nkwabi wetu huyu?”

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilianza kucheka, na sikufika mbali. Mwakilishi wa wanunuzi hakucheka. Alisubiri watulie, akauliza kwa sauti ya kawaida, “Kwa hiyo ni kweli kiwanda chako kinawapa madereva sili?”

Meneja akafunga mdomo. Alikuwa amekwisha kujibu.

Wakati wa chai nilimfuata. Nilimwambia nimelikagua lile daftari na hakuna sili iliyopotea hata moja. Akasema, “Usijali, mwandishi, ni mambo ya kawaida tu.” Nimeambiwa maneno hayo na watu wengi, na sikumbuki mara moja ambayo mambo yalikuwa ya kawaida.

Siku ya tatu Nkwabi alipewa barua ya kusimamishwa kazi, katikati ya msimu. Madamu Pendo ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama mlangoni. Hakuniambia kwamba alinionya. Nilikodi bodaboda nikaenda kwake Kasoli. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa anakata viazi vitamu vya kukausha michembe, vingine vimeshatandazwa juu ya jiwe.

“Wewe ndiye wa kitabu?”

“Ndiyo, mayu.”

“Karibu ukae. Waangalie na kuku wetu, huenda nao wana udhaifu.”

“Mama Kulwa, huyu ni mgeni,” Nkwabi akasema kutoka ndani.

“Kwani nimemnyima kiti?”

Nkwabi alitoka na simu. Mtu alikuwa amempigia picha ule ukurasa na kumtumia. Miwani yake ilikuwa imebaki kiwandani kwenye droo na walinzi hawakumruhusu kuingia, kwa hiyo akaniomba nimsomee. Nikasoma visanduku vyote vitatu. Mama Kulwa aliacha kukata viazi.

“Mbona hujaandika kwamba zilirudi?” Nkwabi akaniuliza.

“Fomu haikuwa na mahali pake.”

“Fomu aliichora nani?”

“Mimi na Madamu Pendo.”

Nkwabi akachukua simu yake. Mama Kulwa ndiye aliyeendelea. Alisema pale kijijini watu wameanza kusimulia kwamba mzee alikuwa anauza sili kwa madereva, na ndiyo maana nyumba yake ina bati jipya. Kanisani alikuwa anatunza funguo za stoo. Jumapili iliyotangulia walimwomba azirudishe, eti apumzike kidogo. “Miaka yote hiyo hawakuona kama amechoka,” alisema. “Wamekiona kitabu chako, wakaona amechoka.”

Niliwaomba msamaha wote wawili. Nkwabi alisema amesikia. Mama Kulwa alirudi kwenye viazi vyake, lakini nilipoondoka alinifungia michembe kwenye karatasi, na sikuweza kujua kama ilikuwa huruma au ni kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu.

Kesho yake nilikwenda kwa meneja na nakala ya hesabu yangu: kila namba ya sili, siku iliyotoka, gari lake kwa namba ya usajili, siku iliyorudi. Alizisoma kwa makini, nisimsingizie. Kisha akafungua droo, akatoa rasimu yetu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha pili.

“Haya uliandika wewe?”

“Ndiyo.”

“Sili iliyo mkononi mwa dereva si sili tena. Ni kweli au si kweli?”

“Ni kweli. Lakini huyu mtu hakuiba.”

“Nani amesema ameiba? Barua yangu inasema amekiuka utaratibu. Wanunuzi wananiuliza nimefanya nini. Unataka niwajibu kwamba kitabu cha chuo kinasema simamisha, ila mwandishi wake amebadili mawazo?”

“Utaratibu huo uliamriwa na meneja aliyekutangulia.”

“Lete maandishi.”

Sikuwa nayo. Meneja yule wa zamani tulimpata kwa simu, mimi na Nkwabi. Alimsalimu Nkwabi kwa furaha, akauliza habari za watoto, na tulipofika kwenye sili akasema ni zamani mno, hakumbuki vizuri. Nkwabi akamshukuru na kumtakia afya.

Nilimwendea mkuu wa chuo na ukurasa wa masahihisho, wenye kisanduku cha nne: Ushahidi wa utekelezaji. Alisema vitini vimeshakwenda kuchapwa, na kwamba kisanduku kipya kingelazimu mifano yote ijazwe upya. Niliomba basi ule mfano uondolewe. Akasema wadau wameupenda kuliko mingine yote.

Kikao cha nidhamu kilifanyika kiwandani, kwenye chumba cha kupimia ubora wa pamba. Waliniruhusu kukaa lakini si kusema. Walikuwa na daftari la Nkwabi mezani. Mmoja wao, mtu wa rasilimali watu kutoka makao makuu ya kampuni, aliuliza, “Namba ya gari iko wapi?”

“Hiyo hapo. Kipaji Cheupe.”

“Kipaji Cheupe ni gari gani?”

“Twende nje nikuonyeshe.”

“Sikuulizi liko wapi. Nauliza kwenye daftari linatambulika kwa nini.”

“Kwa kipaji cheupe.”

Wawili wakatazamana na kubana midomo. Nkwabi aliona. Toka hapo alijibu ndiyo na hapana tu. Walimfukuza kazi mchana huohuo, wakabaki na daftari kama kielelezo.

Makabidhiano yalikuwa kesho yake. Mtunza ghala mpya ameletwa kutoka Mwanza, mtu mpole, hana ubaya wowote. Nkwabi alimhesabia kila kitu: mizani, turubai, kamba, na sili ambazo hazijatumika. Mwishoni akasema, “Imebaki moja. Iko na Pembe Moja, yuko njiani kurudi. Akifika nitakukabidhi.”

“Acha tu, mzee, tutaandika imepotea.”

“Haijapotea. Iko na Pembe Moja.”

Walinzi walikuwa wameambiwa asiingie tena. Akakaa nje ya geti, kwenye benchi la mama anayeuza chai na maandazi, akasubiri. Nilimkuta hapo saa nne. Lori lilikuwa limeharibikia Maswa na dereva alikuwa hapatikani. Nilikaa naye siku hiyo, na siku ya pili. Watu aliofanya kazi nao walikuwa wanapita getini. Wengine walimsalimu, wengine walikumbuka kitu upande wa pili wa barabara. Alinionyesha malori yaliyokuwa yakipita na kunieleza rangi zao. Alisema Madoa amepakwa rangi upya na wamemharibu.

Pembe Moja alifika siku ya pili alasiri. Dereva alishuka mbio.

“Shikamoo, mzee! Mbona uko nje? Wamekufungia?”

“Marahaba. Sili yangu iko wapi?”

Dereva akaingia ndani ya kichwa cha gari, akarudi nayo, nzima, kwenye mfuko wa plastiki. Nkwabi aliisoma namba kwa kuisogeza mbali na macho. Mlinzi akamwita mtunza ghala mpya, naye akaja mpaka kwenye kamba, akaipokea, akashukuru, akaitia mfukoni.

“Andika namba,” Nkwabi akamwambia.

“Niandike wapi, mzee? Huo utaratibu umefungwa. Hakuna tena daftari lake.”

Nkwabi alibaki amesimama upande wetu wa kamba. Dereva alianza kuelewa, akawa anatuangalia mmoja mmoja. Mwisho mzee akasema, “Haya,” akarudi kwenye benchi, akalipa chai yake. Nilimsindikiza mpaka kwake.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Nilimtafutia mtu wa chama cha wafanyakazi, naye akamsaidia kupeleka shauri kwenye usuluhishi wa kazi. Hatazamii kurudishwa. Anachotaka ni karatasi yenye muhuri inayosema hakuiba, aipeleke kanisani. Mtu wa chama anasema karatasi ya namna hiyo ni ngumu kupatikana, kwa kuwa kiwanda hakijawahi kuandika popote kwamba aliiba. Shahidi aliyenaye ni mimi peke yangu. Mkuu wa chuo ameniita na kuniambia, kwa adabu kabisa, kwamba mtu wa chuo akisimama dhidi ya mdau wa chuo, mkataba wake hautakuwa na sababu ya kuongezwa. Nilimwambia nimeelewa. Kwa hiyo nawe ujue hilo, Mama Rehema, na mipango yetu ya baada ya mavuno uiangalie upya. Vitini vimefika kutoka kwa mchapaji. Darasa la kwanza limeanza Jumatatu, na yule mtunza ghala mpya yumo, ameketi safu ya mbele. Wanafunzi wanaupenda ule ukurasa. Wanacheka pale pale ukumbi ulipocheka.

Sijui kama ushahidi wangu utafaa. Wakili wa kiwanda atanisomea kisanduku cha pili na kuniuliza nani aliandika, na hapo nusu ya kazi yake itakuwa imekwisha. Nimeshawaona mashahidi wengi wa namna yangu, nikiwa nimekaa upande wa waandishi, na sikuwahi kuwaandikia vizuri.

Ninakuomba unisamehe kwa siku ya Rehema. Sikumchagua Nkwabi dhidi ya mwanangu. Rehema ana wajomba watatu na mama mwenye akili. Huyu ana shahidi mmoja.

Nisalimie mama, na umwambie goti asilifiche zahanati. Msalimie kaka yako mkubwa na umshukuru mapema. Shangazi wa Korogwe akija mwambie kitenge chake nimekipata, kitafika na mzigo mwingine. Wadogo zake Rehema wape salamu zangu, na yule wa mwisho mwambie madaftari yake nitayakagua hata kwa simu. Jirani yetu fundi baiskeli nisalimie pia, asidhani nimemsahau.

Nimetoka kwa Nkwabi jana. Tulikuwa tunapitia nitakachosema. Aliniuliza kama nitasema nililiona daftari na nikalihesabu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nitasema pia kwamba ukurasa ule niliuandika mimi, na kwamba nilijua zilirudi na sikuandika. Mama Kulwa alikuwa mlangoni. Nikasema ndiyo, nitasema.

“Basi uanze na hilo,” akasema.

Mumeo,
Baba Rehema